Konsoli ya ruta inapogoma: mwongozo kamili wa kutafuta kasoro, kuanzia kwenye kompyuta hadi ndani ya ruta

Umechomeka kebo, umefungua programu ya terminali, umechagua poti, na mbele yako kuna dirisha jeusi lenye kishale kinachopepesa kwenye kona ya juu. Unabonyeza Enter. Kimya. Unabonyeza tena mara tano kwa haraka. Kimya kile kile.

Konsoli, yaani mlango wa kuingilia ndani ya ruta moja kwa moja kwa kebo bila kupitia mtandao, haitafutwi siku za raha. Mtu huikimbilia wakati anwani ya IP imepotea, SSH (njia ya kuingia kwenye ruta kupitia mtandao) haijibu, nywila haijulikani, au ruta inawaka taa lakini haifanyi kazi. Ndiyo maana ikigoma, akili huruka moja kwa moja kwenye jibu baya kuliko yote: ruta imekufa. Mara nyingi haijafa. Kasoro nyingi nilizowahi kuzifuatilia zilikuwa upande wa fundi: draiva, kebo, au mpangilio mmoja uliosahaulika kwenye programu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza pale ulipokaa wewe, na unasogea kiungo kimoja baada ya kingine kuelekea kwenye ruta. Thibitisha kwanza kwamba upande wako ni mzima, ndipo uishuku ruta.

Ombi moja kabla ya yote: usiizime ruta na kuiwasha upya kwa kubahatisha. Kama bado inapitisha data, utawakatia watu huduma. Mipangilio iliyokuwa inatumika bila kuhifadhiwa itapotea, na pamoja nayo ujumbe wa matukio ambao pengine ndio ungekueleza kilichotokea. Kuizima kuna wakati wake, na tutafika huko.

Hatua ya 1: Soma dalili kabla hujagusa kitu

Kuna dalili nne, na kila moja ina mahali inapoelekeza.

Programu inakataa kabisa kufungua poti, inatoa ujumbe wa kosa au inajifunga. Hapa ruta haihusiki hata kidogo. Tatizo liko ndani ya kompyuta yako: draiva, ruhusa, namba ya poti, au programu nyingine iliyoishika poti hiyo.

Poti inafunguka vizuri, lakini hakuna herufi hata moja inayotokea. Hii ndiyo dalili ngumu, kwa sababu inaweza kutoka popote njiani. Jaribio la hatua ya 3 limekusudiwa hasa kwa ajili yake.

Herufi zinatokea lakini ni takataka: alama za kuuliza, vijisanduku, herufi zisizo na mpangilio. Furahi, maana hizi ni habari njema. Umeme unapita, waya zimeshikana, ruta inaongea. Mmekosana kasi tu. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 5.

Ya nne ni kusoma bila kuweza kuandika. Unaona ujumbe wa ruta ukipita vizuri kabisa, lakini unachoandika hakifiki. Nenda hatua ya 6.

Hatua ya 2: Hakikisha kompyuta inaiona adapta

Kompyuta nyingi za siku hizi hazina tena tundu la seriali la pini 9, hivyo tunategemea adapta ya USB. Ndani ya adapta hiyo, au ndani ya kichwa cha kebo ya USB ya konsoli, kuna chipu. Zinazokutwa zaidi ni FTDI, Prolific PL2303, CP210x ya Silicon Labs na CH340. Kujua chipu uliyonayo ni muhimu kuliko kujua jina lililochapwa kwenye pakiti, maana draiva hufuata chipu.

Kwenye Windows fungua Device Manager na uangalie kifungu cha Ports (COM & LPT). Chomeka adapta, kisha ichomoe, huku ukitazama kinachotokea na kutoweka. Kinachotoweka ndicho chako, na namba yake, tuseme COM5, ndiyo utakayoiandika kwenye programu. Usiikariri kwa ajili ya kesho. Ukichomeka adapta hiyo hiyo kwenye tundu jingine la USB, Windows inaweza kuipa namba nyingine, na hapo ndipo mtu aliyehifadhi jana mipangilio yake ya PuTTY, mojawapo ya programu za terminali, anapoambiwa leo kwamba poti haifunguki.

Ukiona pembetatu ya njano, fungua sifa za kifaa na usome maneno yenyewe. Kwa PL2303 za zamani, na nyingine za kuigwa, draiva mpya za Prolific huandika wazi kwamba chipu ya PL2303HXA imeondolewa tangu 2012 na kwamba uwasiliane na aliyekuuzia. Kusakinisha draiva hiyo hiyo upya hakutasaidia. Utarudi kwenye draiva ya zamani inayoikubali chipu hiyo, au utafute adapta nyingine. Kwa kazi inayotegemewa mimi ningebadilisha adapta. FTDI nao walikuwa na mkasa wao: mwaka 2014 draiva yao iliyosambazwa kupitia Windows Update ilibadilisha namba ya utambulisho ya chipu bandia kuwa 0000, zikaacha kutambuliwa. Adapta iliyofanya kazi miaka mitatu inaweza kukataa baada ya sasisho la usiku mmoja, bila wewe kuigusa.

Ikiwa adapta haitokei kabisa, hata kama kifaa kisichojulikana, badilisha tundu la USB, ondoa kigawanyaji cha USB kilichopo katikati, na kama unatumia kompyuta pepe ya VirtualBox au VMware, hakikisha haijainyakua adapta na kuificha kwa mfumo mkuu.

Kwenye Linux, mara tu baada ya kuchomeka, andika:

sudo dmesg | tail

Unatafuta mstari unaosema adapta imeunganishwa kama ttyUSB0, au ttyACM0 kwa baadhi ya vifaa vyenye USB yao wenyewe. Ukiona imeunganishwa na papo hapo imekatwa, na jina brltty limetajwa karibu, umeipata kasoro inayosumbua wengi wanaotumia Ubuntu 22.04 na chipu ya CH340. Huduma ya brltty ni ya vifaa vya maandishi ya nukta nundu kwa wasioona, na hudhani adapta yako ni kifaa chake. Kama hakuna mtu anayeihitaji kwenye kompyuta hiyo, iondoe:

sudo apt remove brltty

Kosa jingine la Linux ni ruhusa. Programu ya terminali iitwayo screen haielezi mengi, huandika tu kwamba inajifunga na kukurudisha ulikotoka. Kwenye Debian na Ubuntu, poti za seriali ni za kundi la dialout:

sudo usermod -aG dialout $USER

Baada ya hapo toka kabisa kwenye akaunti yako na uingie tena. Kufungua dirisha jipya la terminali hakutoshi. Kama ruhusa ipo na bado poti haifunguki, uliza nani ameishika:

sudo lsof /dev/ttyUSB0

Mara nyingi utakuta ni screen yako mwenyewe ya awali uliyoifunga dirisha bila kuimaliza. Screen hufungwa kwa Ctrl-A kisha k. Ukifunga dirisha tu, kikao kinaweza kubaki hai nyuma ya pazia na poti ikabaki mikononi mwake.

Kwenye macOS andika ls /dev/cu.* na utumie jina linaloanza na cu, si tty. Lile la tty husubiri ishara ya kuwepo kwa mwenzake upande wa pili kabla ya kufunguka, na kebo ya konsoli mara nyingi haileti ishara hiyo, basi utasubiri bila mwisho.

Hatua ya 3: Jaribio la kitanzi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo jaribio linalogawa tatizo vipande viwili na kumaliza mabishano. Linachukua dakika mbili, halihitaji ruta, na bado naona mafundi wazoefu wakilipita na kwenda kubadilisha ruta.

Wazo lake ni jepesi. Adapta ina waya wa kutuma na waya wa kupokea. Ukizikutanisha hizo mbili, kila herufi unayoandika itatoka, itazunguka na kurudi kwenye kioo chako. Ikirudi, programu, draiva na adapta vyote ni vizima. Isiporudi, ruta haina kosa.

Chomoa kebo ya konsoli kwenye adapta. Kwenye kichwa cha pini 9, pini ya 2 ni ya kupokea, ya 3 ni ya kutuma, na ya 5 ni ya ardhi. Namba hizo kwa kawaida zimechapwa ndogo sana kwenye plastiki yenyewe, kandokando ya kila pini. Zimulike kwa tochi ya simu. Kutanisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande kidogo cha waya au kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, bila kugusa nyingine. Fungua terminali kwa kasi yoyote, kwa kuwa mtumaji na mpokeaji ni yule yule. Muhimu ni udhibiti wa mtiririko uzimwe: palipoandikwa Flow control weka None.

Andika herufi chache. Zikitokea kwenye kioo, ondoa waya na uandike tena. Sasa zisitokee. Usiiruke sehemu hii ya pili: kuna programu zinazoweza kuwekwa zionyeshe unachoandika hata kama hakijaenda popote, na usipoondoa waya utaamini kitanzi kinafanya kazi kumbe ni programu inakuonyesha maandishi yako mwenyewe.

Adapta ikishafaulu, rudisha kebo na ufanye kitanzi upande wa mbali, kwenye kichwa cha RJ-45 (plagi ya pini 8 kama ya kebo ya mtandao) kinachoingia kwenye ruta. Pini za kukutanisha hapa ni ya 3 na ya 6. Kwenye plagi ndogo namna hiyo kibanio cha karatasi hakikai, basi tumia hila hii: chukua kebo chakavu ya mtandao, ikate, umenye ncha za waya, na uiunganishe na kebo ya konsoli kwa kiungio cha RJ-45. Pini ya 3 na ya 6 ni jozi moja iliyosokotwa pamoja: ya kijani kwenye mpangilio wa T568B, ya chungwa kwenye T568A. Kutanisha waya wenye rangi kamili na mwenzake mwenye mstari mweupe, hapo umefunga kitanzi. Hata kama kiungio chako kinageuza pini, ya 3 inakuwa ya 6 na ya 6 inakuwa ya 3, na jibu ni lile lile. Hii pia ndiyo njia ya kujaribu zile kebo zenye USB upande mmoja na RJ-45 upande wa pili, ambazo hazina pini 9 za kugusa.

Herufi zikirudi kutoka mwisho huo wa kebo, umethibitisha kila kitu kuanzia kwenye vidole vyako hadi kwenye mlango wa ruta. Andika hilo kwenye daftari la kazi. Ukibishana na mtu saa tatu baadaye, utashukuru.

Hatua ya 4: Kebo sahihi, tundu sahihi

Kitanzi kinaonyesha waya hazijakatika. Hakionyeshi kwamba zimepangwa inavyotakiwa.

Kebo ya konsoli ya kawaida ya RJ-45 hugeuza pini zote: ya 1 inakwenda ya 8, ya 2 inakwenda ya 7, ya 3 inakwenda ya 6, na kuendelea. Kebo bapa ya samawati iliyozoeleka imepangwa hivyo. Kuikagua, shika plagi zake mbili sambamba, vishikizo vikitazama upande mmoja, na usome rangi za waya. Kama mpangilio wa moja ni kinyume kamili cha nyingine, kama taswira kwenye kioo, ni ya konsoli. Kama zinafanana, ni kebo ya kawaida ya mtandao. Kuna adapta za pini 9 kwenda RJ-45 zilizounganishwa ndani ili zitumike na kebo ya kawaida, na nyingine ziwe na kebo inayogeuza; ukichanganya mbili zisizo jozi, mtumaji anakutana na mtumaji. Kila upande unaongea, hakuna anayesikiliza. Vilevile, watengenezaji wengi walifuata mpangilio wa pini wa Cisco, lakini si wote, basi kwa kifaa usichokifahamu soma ukurasa wa pini kwenye kitabu chake kabla ya kuchomeka.

Kisha tundu. Kwenye ruta moja unaweza kukuta CONSOLE, AUX, MGMT na matundu ya Ethaneti, yote yana umbo lile lile. Kwenye ruta nyingi za Cisco za zamani la konsoli lina rangi ya samawati na la AUX ni jeusi. Kwenye kabati lenye giza, mkono ukipapasa kutoka nyuma, kosa hili ni rahisi kuliko linavyoonekana mezani. Usikisie. Mulika usome.

Kama una mita ya umeme, kuna kipimo kizuri cha kuonyesha kama ruta inatuma chochote. Acha kebo imechomekwa kwenye ruta iliyowashwa, ichomoe kwenye adapta, kisha upime volti kati ya pini ya 2 na ya 5 ya kichwa cha pini 9 cha kebo. Laini ya seriali ya RS-232 ikiwa imetulia hukaa kwenye volti hasi, kati ya 3 na 15 chini ya sifuri. Kwa kawaida utasoma kama hasi 5 au zaidi kidogo. Ukiisoma, saketi ya kutuma ya ruta ina uhai na kebo inafikisha. Ukisoma sifuri au kitu kinachoyumbayumba, ama kebo si yake, ama tundu si lenyewe, ama tundu limeungua.

Tahadhari moja kwa wanaofungua ruta ndogo za nyumbani na kutafuta pini kwenye ubao: hizo hutumia volti 3.3 za moja kwa moja kutoka kwenye chipu, si RS-232. Ukizigusisha na adapta ya pini 9 unaweza kuiua bodi. Zinahitaji adapta yake ya volti hizo.

Hatua ya 5: Kasi

Mpangilio wa kuanzia ni 9600, biti 8 za data, bila pariti (biti ya kukagua makosa), biti 1 ya kusimama, udhibiti wa mtiririko ukiwa umezimwa. Cisco, Juniper na Huawei kwa kawaida hutoka kiwandani na 9600. MikroTik hutumia 115200, na vifaa vingi vilivyojengwa juu ya Linux hupenda 115200 pia.

Takataka zinatoka wapi? Kwa kasi ya 9600 kila biti hukaa kwenye waya kwa takriban sehemu 104 za milioni za sekunde. Kompyuta iliyowekwa 115200 inatazama waya ule ule mara 12 katika muda wa biti moja. Biti moja ya sifuri inaisoma kama sifuri tisa mfululizo na zaidi, inajenga herufi ambayo hakuna aliyeituma, na kukuonyesha alama ya ajabu. Ndiyo maana nasema takataka ni ushahidi mzuri: kuna kitu kinatumwa na kinafika.

Basi jaribu kwa mpangilio: 9600, 115200, 38400, 19200, 57600, na mwisho 4800, 2400 na 1200. Kila unapobadilisha, bonyeza Enter mara mbili tatu na usubiri sekunde chache. Kama karibu herufi zote zinasomeka na chache tu zimeharibika, kasi iko sawa. Angalia biti za data na pariti.

Kuna hali inayopoteza watu: ujumbe wa kuwaka unasomeka vizuri, kisha katikati unageuka takataka au kunyamaza kabisa. Programu ndogo inayoiamsha ruta na mfumo wenyewe vinaweza kuwa na kasi mbili tofauti. Kwenye Cisco kasi ya konsoli inaweza kuwekwa kwa amri ya speed chini ya line console 0, au kwa biti za 5, 11 na 12 za rejista ya usanidi, namba inayoieleza ruta jinsi ya kuamka. Aliyekutangulia akibadilisha rejista kutoka 0x2102 wakati wa kurejesha nywila, akakosea tarakimu moja, konsoli inaweza kuamka na kasi ambayo hakuna anayeitegemea. Nimewahi kukutana na ruta iliyoandikwa mbovu na kuwekwa kando muda mrefu, kumbe ilikuwa inaongea kwa 2400.

Hatua ya 6: Unasoma lakini huwezi kuandika

Mshukiwa wa kwanza ni udhibiti wa mtiririko. Huu ni utaratibu wa upande mmoja kuuambia mwingine "subiri" au "endelea". Minicom, programu ya terminali ya Linux, kwa kawaida huja na ule wa vifaa ukiwa umewashwa, yaani haitatuma herufi mpaka waya maalumu kutoka upande wa pili uiruhusu. Kebo nyingi rahisi za konsoli hazina waya huo. Matokeo yake kusikia unasikia, ila programu yako imezuia mdomo wako ikisubiri ruhusa isiyokuja. Kwenye minicom bonyeza Ctrl-A kisha O, ingia Serial port setup, na ubonyeze F mpaka Hardware Flow Control isome No. Hifadhi kama mpangilio wa kudumu ili kesho usirudie.

PuTTY kwa upande wake huja na XON/XOFF, udhibiti wa mtiririko unaotumia herufi badala ya waya. Hapo ukibonyeza Ctrl-S kwa bahati mbaya, maandishi yanaweza kusimama na ukadhani ruta imekwama; Ctrl-Q huyaachilia. Weka None na usahau habari hiyo.

Mshukiwa wa pili yuko kwenye ruta zenye matundu mawili ya konsoli, la RJ-45 na la USB. Kwenye vifaa vingi vya Cisco vya namna hii, kama ruta za mfululizo wa 1900, 2900 na 3900, ni tundu moja tu linalosikilizwa kwa wakati mmoja, na USB ndiyo hutangulia. Mtu akiacha kebo ya USB imechomekwa kwenye kompyuta nyingine, wewe wa RJ-45 utaandika mpaka vidole vichoke. Zunguka mbele na nyuma ya kifaa uangalie. Ichomoe, kisha ujaribu tena. Kinyume chake pia kipo: wewe unatumia USB na hakuna kitu, kumbe kebo uliyoiokota ni ya kuchajia simu na haina waya za data. Kompyuta haitoi hata mlio wa kuona kifaa kipya. Badilisha kebo kabla ya kutafuta draiva.

Mshukiwa wa tatu ni waya mmoja uliokatika, ule wa kutuma. Kitanzi cha hatua ya 3 kwenye mwisho wa kebo kingekuwa kimeshamkamata.

Hatua ya 7: Sasa ruta yenyewe

Ukifika hapa upande wako umethibitishwa. Kwanza uliza kama kuna njia nyingine ya kuingia. Kama SSH bado inafanya kazi, umepata bahati: ingia na uangalie konsoli kutoka ndani. Kwenye Cisco:

show line console 0
show running-config | section line con

Utaona kasi iliyowekwa, na pengine utakuta amri ya no exec, ambayo huifanya konsoli isitoe mahali pa kuingilia hata kama ni nzima. Kama kuna kikao kilichoganda, kiondoe kwa clear line console 0. Kwenye MikroTik angalia kwa /system console print kama poti ya seriali bado imepewa konsoli, maana inaweza kuwa imeondolewa ili itumike kwa kazi nyingine.

Kumbuka pia kwamba konsoli ya Cisco hujifunga baada ya dakika 10 bila kuguswa. Kioo kinabaki kilivyo mpaka ubonyeze Enter. Bonyeza mara moja, subiri sekunde tatu nzima, ndipo ubonyeze tena. Ruta iliyolemewa na kazi huchelewa kujibu konsoli, na kuipiga Enter ishirini hakuiharakishi.

Kama hakuna njia nyingine ya kuingia, sasa kuizima na kuiwasha kuna maana, kwa makubaliano na wenye mtandao na kwa saa mliyopanga. Fungua terminali kwanza, washa kurekodi kikao kwenye faili, ndipo urudishe umeme. Tazama kuanzia sekunde ya kwanza. Ruta yenye uhai hutoa maandishi mapema sana, kabla mfumo mkuu haujapakiwa.

Maandishi yakitoka kisha yakaishia kwenye neno rommon (ile programu ndogo inayoiamsha ruta ya Cisco), konsoli ni nzima. Tatizo ni mfumo ambao haukupatikana au umeharibika, na huo ni ukarabati mwingine. Yakifika Press RETURN to get started na Enter isifanye kazi, rudi hatua ya 6. Yakiwa takataka kwa kasi zote, shuku kebo yenye mguso hafifu au adapta. Yasipotoka kabisa, kwa kasi zote, na kitanzi kilifaulu, tazama dalili za umeme: taa, feni, joto. Feni zinazozunguka huku hakuna herufi, na volti kwenye pini ya 2 ikisoma sifuri, ndiyo picha ya saketi ya konsoli iliyokufa au ubao usioamka. Hapo, na si kabla, ndipo unapoandika kwamba ruta inahitaji kubadilishwa.

Jambo la mwisho linahusu ishara ya Break, ile inayohitajika kuisimamisha ruta ya Cisco isipakie mfumo. Kwenye PuTTY iko kwenye menyu ya Special Command, kwenye Tera Term ni Alt-B, kwenye minicom ni Ctrl-A kisha F, kwenye screen ni Ctrl-A kisha b. Kuna adapta zisizoweza kuituma, ingawa kwa mengine yote zinafanya kazi. Usibadilishe adapta kabla ya kujaribu hivi: weka terminali kwenye kasi ya 1200, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama, bila udhibiti wa mtiririko. Zima ruta, iwashe, na mara moja ushikilie kitufe cha nafasi kwa sekunde 10 hadi 15. Kwa kasi hiyo ndogo, sifuri za herufi hiyo hukaa kwenye waya muda mrefu kiasi kwamba ruta inayosikiliza kwa 9600 inaziona kama Break. Kioo hakitaonyesha chochote wakati huo, usishtuke. Rudisha kasi iwe 9600, bonyeza Enter, na utakuta rommon inakusubiri.

Ukishaingia, kabla hujaanza kazi iliyokuleta, andika show version na usome mstari wa mwisho wenye rejista ya usanidi. Kisha chukua kipande cha lebo, andika kasi ya konsoli na aina ya kebo iliyofanya kazi, na ukibandike kwenye ubavu wa ruta karibu na tundu lenyewe, panaposomeka kwa tochi.